Dirisha la malipo liko wapi?

SEHEMU YA KWANZA

Wengi mmeniuliza nilipotelea wapi miezi mitatu bila kuandika chochote. Nilikuwa Uingereza, Manchester, kwa mdogo wangu aliyekuwa anajifungua mtoto wake wa kwanza. Nilichukua likizo yangu yote, nikaongeza na ile isiyo na malipo. Aliyetakiwa kwenda ni mama, lakini alisema miguu inamsumbua na safari ya ndege hataiweza. Kwa hiyo nikaenda mimi kumkanda mzazi na kumpikia uji.

Niliahidi nitawasimulia, ila nikianza naona siwezi kusimulia niliyoyaona bila kueleza yalikotoka. Humu ndani kuna historia, nimeigawa sehemu tatu. Jimiminie chai kabisa.

Usiku ule uchungu ulipochachamaa nilifanya kile ambacho mwili wangu umekizoea. Nikakagua begi: kanga nne, pamba, beseni dogo, glovu, wembe mpya, vibana kitovu. Nilitoka navyo Dar. Mdogo wangu akanitazama, akacheka katikati ya uchungu: "Dada, unakwenda kufungua zahanati?" Kwenye pochi nilikuwa na pauni mia mbili nimezifunga kwenye leso. Nyie mnajua hizo ni za nini.

Tulipofika hospitali mapokezi waliandika jina, wakatuelekeza juu. Nilitembea korido nzima macho yangu yakitafuta dirisha la malipo. Kuna mashine ya kuuza soda, kuna duka limefungwa, kuna picha ukutani. Dirisha la malipo silioni. Nikamuuliza shemeji. Akasema, "Hakuna, shemeji. Hapa tunalipia maegesho ya gari tu." Nikadhani ananitania. Kweli bwana, kitu pekee alichotolea hela usiku ule ni gari kulala nje.

Leba ilikuwa chumba cha mtu mmoja. Shemeji aliingia na kukaa mpaka mwisho, na hakuna aliyeona ajabu. Mdogo wangu alipewa gesi ya kuvuta kwa mdomo ya kupunguza uchungu, anaishika mwenyewe, anavuta akitaka. Mkunga wa zamu alikuwa Mkenya! Alipomsikia mzazi anaita "mama yangu wee" akamjibu kwa Kiswahili, "Pole mama, tuko karibu." Nililia mimi kabla ya mtoto. Baada ya kujifungua wakamletea chai ya maziwa na mkate wa kuchoma. Nikasema moyoni, mzazi anapewa mkate mkavu? Lakini aliula kama pilau.

Kesho yake tukarudi nyumbani, na keshokutwa mkunga akabisha hodi. Mlangoni! Akampima mama, akamwangalia mtoto, akaangalia namna anavyonyonya. Siku ya tano akaja tena, akampima uzito, akamchoma kisigino na kuchukua matone ya damu kwenye karatasi. Kipimo hicho hufanyiwa watoto wachanga wa nchi nzima, na moja ya magonjwa yanayotafutwa ni selimundu. Fikiria, mtoto wa siku tano anatafutiwa selimundu kabla hajaumwa hata siku moja. Yote yanaandikwa kwenye kitabu chenye jalada jekundu, ndugu yake ile kadi yetu ya kliniki.

Sasa jambo lililonifanya niandike haya yote. Mkunga alimuuliza mdogo wangu, taratibu kabisa kama anamuuliza amekula nini: mkojo unavuja ukikohoa? Unahisi kitu kizito kinashuka huku chini? Simu ilikuwa mezani, mama yuko hewani kutoka nyumbani anamtazama mjukuu. Mdogo wangu akamtafsiria. Mama akauliza, "Wanaulizwa hadi hayo? Na hawalipi?" Nikamjibu hawalipi. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika.

Nitarudi hapo.

SEHEMU YA PILI

Mmeniandikia sana tangu jana. Wengi mnasema "wenzetu wana bahati." Hata mimi nilifikiri hivyo, mpaka siku moja nikiwa kwenye basi tunapita eneo linaloitwa Davyhulme, shemeji akanionyesha hospitali moja ya kawaida tu, Trafford General. Akasema, hapa ndipo ilipoanzia. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma. Muda ulikuwepo, maana mwezi wa kumi na moja kule saa kumi jioni giza limeshaingia na mtoto mchanga analala.

Kumbe hawa watu nao walikuwa na dirisha la malipo. Tena kali.

Mwaka 1911 serikali yao ilipitisha bima ya wafanyakazi. Mfanyakazi anakatwa peni nne kwa wiki, mwajiri anaongeza tatu, serikali mbili. Ukiugua unamwona daktari. Lakini aliyekingwa ni yule mwenye ajira tu. Mke aliyekaa nyumbani na watoto wake sita hayumo, na watoto hawamo. Alichopata mke ni shilingi 30 akijifungua, basi. Na mwanzoni hata hizo hazikuwa mali yake kisheria. Chama cha wanawake wa ushirika kilipigania, ndipo mwaka 1913 sheria ikasema hela hiyo ni ya mama mwenyewe.

Chama hichohicho mwaka 1915 kilichapisha kitabu cha barua 160 za wanawake wa kawaida wakieleza mimba zao: kufanya kazi nzito mpaka siku ya uchungu, kuinuka kitandani mapema mno, mimba zilizotoka, watoto waliozikwa. Mwaka 1939 mama mmoja, Margery Spring Rice, akatoa kitabu kingine kuhusu maisha ya wake 1,250 wa wafanyakazi. Damu pungufu, meno mabovu, kichwa kisichoisha, matatizo ya kizazi yasiyotibiwa. Ukimuuliza mama wa namna hiyo anaendeleaje, anajibu nzuri tu. Hela ya daktari ikipatikana ni ya baba, kwa sababu baba akilala njaa inaingia ndani. Ikizidi ni ya mtoto. Ya mama haifiki.

Hapo niliweka simu chini kidogo. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka tisa. Huyo mama namjua.

Twende kwa mtu mmoja anaitwa Aneurin Bevan. Alizaliwa 1897 Tredegar, mji wa makaa ya mawe huko Wales. Akiwa na miaka 13 alishaingia mgodini. Baba yake alikufa kwa mapafu yaliyojaa vumbi la makaa. Ila Tredegar walikuwa na kitu chao: wafanyakazi walikatwa kidogo kila wiki kwenye mshahara, ikaajiri madaktari na kuendesha hospitali, na familia nzima inatibiwa. Bevan alipokuja kuwa mbunge, kisha Waziri wa Afya mwaka 1945, alichotaka ni nchi nzima iwe kama Tredegar, tofauti ikiwa kwamba hela itoke kwenye kodi, na usiulizwe umechangia kiasi gani.

Hakuanza yeye peke yake. Mwaka 1942, katikati ya vita, William Beveridge alitoa ripoti iliyosema nchi ikimaliza kupigana na Hitler ipigane na umaskini, maradhi, ujinga, uchafu na ukosefu wa kazi. Ripoti ya serikali, watu waliipangia foleni kuinunua! Kwa akina mama mambo madogo yalikuwa yameshaanza: kuanzia 1940 wajawazito na watoto chini ya miaka mitano walipata maziwa ya bei nafuu au ya bure, baadaye juisi ya machungwa na mafuta ya ini la samaki. Na mwaka 1946 ikaanza posho ya shilingi tano kwa wiki kwa kila mtoto kuanzia wa pili. Mbunge Eleanor Rathbone alikuwa ameipigania posho hiyo miaka mingi, na alishikilia mpaka mwisho kwamba ikabidhiwe kwa mama. Alifariki Januari mwaka huohuo, kabla malipo ya kwanza hayajatoka.

Waliompinga Bevan zaidi ni madaktari. Februari 1948, miezi mitano tu kabla ya kuanza, chama chao kilipiga kura na karibu tisa katika kila kumi wakakataa. Waliogopa kugeuzwa makarani wa serikali. Bevan akalegeza: mabingwa waruhusiwe kuwa na wagonjwa wao wa kulipia, madaktari wa familia wasiwe waajiriwa. Mimi hapo nina maoni yangu kuhusu nani hupewa asali na nani huambiwa avumilie, maana sikuona popote manesi wakibembelezwa hivyo.

Ikafika Jumatatu, 5 Julai 1948. Hospitali zaidi ya 2,600 za England na Wales zikawa za umma siku moja. Bevan alikwenda Davyhulme, ile hospitali ya kwenye basi, wakati huo ikiitwa Park Hospital, manesi wamejipanga kumpokea. Mgonjwa wa kwanza alikuwa msichana wa miaka 13. Huko Wales usiku huo mama mmoja alikuwa leba na mtoto wake wa saba, saa sita ya usiku haijafika, na manesi wanamwambia ajizuie kidogo. Sisi tunaofanya kazi hiyo tunajua kumwambia mtu asisukume maana yake nini! Mtoto alitoka dakika moja baada ya saa sita, wa kwanza kuzaliwa chini ya utaratibu mpya. Akaitwa Aneira, kutokana na jina la Bevan, na alipokua akawa nesi.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma mpaka leo. Kliniki zilifurika. Mamilioni walitaka miwani, mamilioni walitaka meno, wengine walikuwa wakisomea miwani ya kuokoteza dukani. Na wakaja wanawake. Madaktari waliokuwa kazini siku zile wamesimulia kwamba walikuja wanawake wenye vizazi vilivyoshuka, vimetoka nje, wameishi navyo miaka na miaka, wanapika, wanafua, wanainua ndoo za makaa. Magonjwa yale hayakuanza Julai 1948. Yalikuwa yamefichwa chini ya sketi, yanasubiri siku ambayo kuuliza hakutagharimu kitu.

Msiniambie waliweza kwa sababu walikuwa na hela. Siku ile mkate wenyewe ulikuwa wa mgao, unanunuliwa kwa kuponi. Nyama iliendelea kuwa ya mgao mpaka 1954. Nchi ilikuwa imetoka vitani na inaishi kwa mkopo wa Marekani.

Ila nisiwapambe sana. Mwaka huohuo Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza huyohuyo. Dar es Salaam Mzungu alitibiwa Ocean Road, upepo wa bahari unampuliza, na Mwafrika alikwenda Sewa Haji. Lile neno "kila mtu" lilikuwa na mpaka wake, na mpaka ulikuwa unapita juu yetu.

Na kwao pia bure haikukaa bure moja kwa moja. Mwaka 1951 serikali ileile iliweka malipo kwenye meno ya bandia na miwani, Bevan akajiuzulu uwaziri kwa hasira. Mwaka uliofuata ikaja shilingi moja kwa dawa. Mpaka leo England mtu mzima analipia dawa za kuandikiwa, wakati Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini zimeshafuta. Mjamzito halipi, na halipi mpaka mtoto atimize mwaka. Mdogo wangu aliziba meno mawili kwa utaratibu huo, mtoto akiwa na wiki saba.

Mwaka ule wa 1948 watoto wapatao 34 katika kila 1,000 waliozaliwa England na Wales hawakufikisha mwaka. Siku hizi ni kama wanne. Sio kazi ya hospitali za bure peke yake, kuna chanjo, antibayotiki, maji na chakula. Lakini dawa iliyopo dukani na mama asiye na hela ni kama haipo.

SEHEMU YA TATU

Hii ya leo ni fupi.

Hospitali zile zilipofunguliwa kwa wote, manesi hawakutosha. Wiki mbili kabla, Juni 1948, meli ya Empire Windrush ilikuwa imeshusha mamia ya watu kutoka Karibea, na kuanzia 1949 serikali ikaanza kutafuta wasichana wa visiwa vile waje kusomea unesi. Walikuja kwa maelfu, na wengine kutoka Ireland. Wengi wa Karibea waliingizwa kwenye kozi ya miaka miwili badala ya ile ya miaka mitatu, mara nyingi bila kuelezwa tofauti, na cheti kile walipotaka kurudi nacho nyumbani hakikutambuliwa. Mimi nina diploma, najua cheti kinavyoweza kukufungia mlango. Nilisoma habari zao nikaifunga simu nikaenda kuosha vyombo.

Wodi ya mdogo wangu sasa: mkunga Mkenya, nesi wa Ufilipino, nesi wa India, daktari wa Nigeria. Kenya ilisaini mkataba na Uingereza mwaka 2021 wa kupeleka wahudumu wa afya. Mtaniuliza kama na mimi nitakwenda. Hilo tuliache leo.

Msidhani hawana shida. Jirani, bibi mmoja anayetembea kwa fimbo, alikuwa amesubiri upasuaji wa nyonga zaidi ya mwaka. Lengo lao ni wiki 18. Mwaka 2022 orodha ya wanaosubiri matibabu England ilipita milioni saba. Barua ya hospitali inaingia mlangoni kwa posta, unaifungua kwa furaha, kumbe wameisogeza tarehe. Yule bibi alisikitika, akaweka birika jikoni. Wale watu kwa foleni! Wanapanga foleni hata kituo cha basi wakiwa watatu, kila anayeshuka anamshukuru dereva, na ukiruka foleni hakuna anayekugombeza, wanakutazama tu mpaka unatamani ardhi ipasuke. Naona ndivyo walivyojipangia: huku kwetu mwenye hela anatangulia, kule kila mtu analipa kwa kusubiri, na kusubiri nako kunaumiza. Bibi yule alikuwa akilala kwenye kiti.

Na mgeni? Mwanzoni hata mgeni alitibiwa bure. Bevan alilitetea hilo kwenye kitabu chake cha 1952, In Place of Fear, jina ambalo kwa kwetu ningesema ni "badala ya hofu". Siku hizi imebadilika. Wanaohamia kwa viza ndefu wengi wao hulipa tozo ya afya kabla hawajapanda ndege, sasa ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na juu yake wanakatwa kodi kama wenyeji. Mdogo wangu na mumewe wamelipa. Mimi wa matembezi ningelazwa, bili ingenifuata. Nilikata bima ya safari na nilikuwa naogopa hata kuteleza kwenye barafu.

Sasa mama.

Usiku ule ule aliponyamaza kwenye simu alinipigia tena, mimi peke yangu. Akauliza huyo mkunga alimaanisha nini aliposema kitu kinachoshuka. Nikamweleza kinesi, kizazi kikilegea baada ya mimba nyingi na kazi nzito. Kimya. Halafu akasema, "Basi na mimi ninacho."

Tangu alipomzaa kitinda mimba wetu, ambaye sasa yuko kidato cha nne. Mimba saba. Hakuwa na shida ya miguu, alikuwa hawezi kukaa saa kumi kwenye kiti cha ndege. Mimi ni nesi. Nimekaa naye nyumba moja, nimewauliza wanawake wa watu mamia kuhusu mikojo yao, mama yangu sijawahi kumuuliza. Nikamwambia, "Mama, kwa nini hukusema?" Akasema, "Mlikuwa mnasoma. Ile hela ilikuwa ya ada."

Niliporudi, wiki ya kwanza tu nilimpeleka. Foleni ya dirisha la malipo ilikuwa na watu tisa mbele yangu. Mama alikaa kwenye benchi amekumbatia mkoba, kila nikigeuka ananiuliza kwa macho, ngapi? Nikamwonyesha kwa mkono atulie.

Amewekewa pete ya mpira inayoshikilia kizazi, inatolewa na kusafishwa kwa muda maalumu, na upasuaji watauangalia baadaye. Sokoni anakwenda na kurudi kwa miguu. Juzi ameanza kuuliza nauli ya ndege.

Dada yangu unayesoma hapa, kama ukikohoa mkojo unavuja, kama jioni unahisi uzito unashuka au kuna kinyama unakigusa ukioga, hilo lina jina na lina tiba, na mara nyingi tiba ya mwanzo ni mazoezi tu ya nyumbani yasiyo na gharama. Yale aliyofundishwa mdogo wangu nitayaandika Jumamosi, hatua kwa hatua. Na leo jioni, kabla hujalala, mpigie mama yako umuulize.